Miguu Minene Inayouma: Si Ulafi, Ni Ugonjwa

Wapo akina mama ambao kiuno chao ni chembamba na uso ni wa kawaida, lakini kuanzia nyonga kwenda chini ungedhani ni mwili wa mtu mwingine. Fundi huwashonea gauni kwa vipimo viwili. Wengine huwasifu kwa umbo, wengine huwacheka pembeni, na wakienda kutibiwa huambiwa wapunguze ugali na chapati. Wanapunguza. Uso unasinyaa, kifua kinapungua, miguu inabaki vilevile, tena inauma.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunawaona akina mama hawa kliniki, na tunawaona pia katika vikundi vyetu vya kanisani, wakiwa wa mwisho kupanda ngazi. Huenda wengine wana ugonjwa unaoitwa lipedema. Madaktari Allen na Hines wa Kliniki ya Mayo, Marekani, waliueleza mwaka 1940. Hata hivyo, ulipata namba yake katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Zaidi ya miaka 80! Si ajabu basi kwamba mama anaweza kuzunguka hospitali tatu asiambiwe jina la kinachomsumbua.

Katika ugonjwa huu mafuta yaliyo chini ya ngozi huongezeka kupita kiasi, miguu yote miwili kwa usawa, na mara nyingine hata mikono. Karibu wagonjwa wote ni wanawake. Huanza au kuzidi msichana anapovunja ungo, wakati wa ujauzito, au hedhi inapokoma. Ukiuliza vizuri, mara nyingi utasikia kwamba mama au shangazi naye alikuwa na miguu ya namna hiyo.

Tazama unyayo. Katika lipedema unyayo haunenepi. Mafuta huishia kifundoni, kama mtu aliyevaa bangili ya nyama. Kugonga kidogo kona ya kitanda huacha alama ya damu iliyovilia, na mtoto akikaa mapajani mama hukunja uso kwa maumivu. Matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu na ambayo ndugu zetu wa pwani wanayafahamu sana, huvimbisha unyayo pia, na mara nyingi mguu mmoja kuliko mwingine. Uvimbe wa moyo au figo ukiubonyeza kwa kidole huacha shimo. Basi usijipime mwenyewe mbele ya kioo ukamaliza. Mwache daktari akague. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa kwa mjamzito au aliyetoka kujifungua, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda.

Kuna jambo tunalolisema wazi kwa sababu linafika hadi chumbani. Mguu unaouma ukiguswa humfanya mke amkwepe mumewe, na mume asiyeelezwa hudhani amechokwa. Aelezwe. Ikiwezekana aje naye kliniki, asikie kwa masikio yake kwamba mkewe si mlafi wala mvivu.

Matibabu huanza na soksi maalumu za kubana zinazochukuliwa vipimo na mtaalamu, kutembea, mazoezi ndani ya maji kwa anayeweza, na chakula cha kiasi ili unene wa kawaida usiongezwe juu ya ugonjwa. Kwa wengi hayo hupunguza maumivu na uzito wa miguu, ingawa umbo halibadiliki sana.

Wengine hufika kwenye upasuaji wa kunyonya mafuta. Daktari huingiza chini ya ngozi maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, kisha kwa mrija mwembamba wenye ncha butu huyavuta mafuta kupitia matundu madogo. Haumalizwi kwa siku moja. Leo mapaja, baada ya majuma au miezi sehemu ya chini. Huko Ujerumani, bima ya afya ya umma ilianza kuwalipia wenye hatua ya 3 mwaka 2020, na Julai 2025 iliamuliwa kwamba hatua zote zilipiwe, kwa masharti. Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu ilisema mwaka 2022 kwamba ufanywe katika utafiti tu, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukutosha. Kwa hiyo anayekuahidi kupona kabisa anakuuzia maneno. Wengi hupata nafuu ya maumivu, lakini wapo wanaoendelea kuvaa soksi.

Je, ni tamaa ya urembo? Kwa maoni yetu, la. Anayetafuta kutembea hadi sokoni bila kulia hatafuti urembo. Lakini gharama ni kubwa, na yule mwanamke wa Marko 5, aliyeumwa miaka 12, alikuwa amemaliza mali yake kwa waganga. Kabla ya kuuza kiwanja, muulize daktari amewatibu wangapi wenye lipedema, si wangapi waliotaka kupunguza tumbo. Uliza kama kuna mtaalamu wa dawa za usingizi, na wodi ya kulazwa.

Uliza nyumbani pia: nani atachota maji na kupika? Siku za mwanzo matundu huvuja maji mekundu na kulowesha shuka; hilo hutarajiwa. Nguo za kubana huvaliwa kwa majuma kadhaa, joto lisitoe kisingizio. Homa, maumivu yanayozidi, kifua kubana au pumzi kuwa fupi ni mambo mengine kabisa. Hapo mgonjwa arudishwe hospitali mara moja, hata kama ni saa nane za usiku.