Nukta na Kamera: Juu ya Kupiga Picha Hati za Kiswahili za Harufi za Kiarabu

Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu, aghalabu nukta ndiyo itenganishayo neno na neno. Yatazamwe maneno bao, tao, nao na yao. Ukiondoa nukta, yote huandikwa sawa: jino dogo, kisha alifu, kisha wau. Nukta moja chini ya jino ni bao. Mbili juu, tao. Moja juu, nao. Mbili chini, yao. Pao huwa na nukta tatu chini, ikiwa mwandishi alitumia pe. Asipoitumia huandika be, na msomaji huamua mwenyewe kama ni pao au bao, au hata mbao, kwa kuwa waandishi wengi wa zamani hawakuiandika mimu mbele ya be. Basi mpigaji picha wa hati kama hizi ana dhamana ya mnakili: akipoteza nukta amepoteza neno, na akiongeza nukta ametunga neno.

Jambo hili lina uzito kwa kuwa sasa wasomaji wengi huzijua hati hizo kwa picha tu. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Na miswada mingi ya Kiswahili iliyoko London imewekwa kwenye intaneti. Mwenye kusoma mbali na karatasi hawezi kuligusa doa kwa kidole ajue kama ni wino au ni uchafu.

Kamera yenyewe si taabu kubwa. Ukurasa wa sentimita 15 kwa 20, ukipigwa kwa piseli 400 kila inchi, unahitaji piseli milioni 7.4 hivi, na kamera nyingi za leo zinapita kiasi hicho. Kwa kipimo hicho nukta yenye upana wa nusu milimita hupata piseli nane toka ukingo hadi ukingo. Kwa piseli 100 kila inchi hupata mbili tu, na nukta mbili zilizokaribiana huonekana moja. Kamera ifungwe juu ya kigae cha miguu, ielekee ukurasa wima, na taa mbili ziwekwe kulia na kushoto kwa pembe ya nyuzi 45. Chini ya kila karatasi iingizwe karatasi nyeupe, maana tundu la mdudu lililo juu ya kivuli hutoka jeusi, la mviringo, na kwa ukubwa ule ule wa nukta. Hila hii ndogo haina gharama, nayo huokoa mabishano mengi.

Yafaa kukumbuka kwamba hata picha ambayo haijaguswa ina makisio ndani yake. Katika kamera nyingi, kila kijisehemu kipokeacho nuru hupima rangi moja tu: nusu hupima kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ukapata hataza mwaka 1976. Rangi mbili zilizobaki hukisiwa kutokana na vijisehemu jirani. Faili ghafi ya kamera huhifadhi vipimo kabla ya makisio hayo, na kwa hiyo ndiyo asili ya kutunzwa. Faili ya JPEG, kinyume chake, huigawa picha katika miraba ya piseli 8 kwa 8 na kutupa tofauti ndogo ndogo. Ikibanwa mno, vumbi la uongo huzuka kandokando ya harufi, pale pale zikaapo nukta.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika usafishaji. Programu ya kuondoa madoa haijui Kiarabu wala Kiswahili. Huona kitu kidogo cheusi kilicho peke yake, ikakifuta. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha tarakimu katika nakala, 6 ikawa 8, kwa sababu njia yao ya kubana faili ilihifadhi maumbo yanayofanana kama umbo moja. Tarakimu hiyo ya uongo haikufifia wala kuvurugika; ilikuwa safi kabisa. Be na nun zinafanana kuliko 6 na 8.

Wino mwekundu nao una hadithi yake. Mara nyingi ndio uliotumika kwa vichwa na kwa alama za kutenga vipande vya beti. Picha ya rangi ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwa kutumia rangi nyekundu peke yake, wino huo hufifia na kupotelea katika weupe wa karatasi, na utenzi husomeka kama nathari; ikitumiwa buluu hutoka mweusi, usijulikane na ule mwingine. Kwa hiyo nakala ya rangi isitupwe kamwe.

Panapobaki shaka kama alama ni nukta au ni doa, picha ya miali iliyo chini ya nyekundu, isiyoonekana kwa macho, husaidia. Kamera iliyoondolewa kichujio cha kuzuia miali hiyo huonyesha madoa mengi ya hudhurungi yakififia, na wino wa masizi ukibaki mweusi. Wino wenye chuma nao hufifia, kwa hiyo yapasa kwanza kujua mwandishi alichovya kalamu katika wino gani.