Maradhi ya Katriji ya Santuri

Mashine ya santuri inapoanza kukwaruza, au inaponyamaza upande mmoja, aghalabu mwenyewe huituhumu amplifaya, ilhali taksiri imo katika katriji, yaani kile kijisanduku kilichopachikwa kwenye ncha ya mkono wa mashine, ambacho ndicho kinachobeba sindano na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Kwa watu wa Kisii na Nyamira nchini Kenya waliobakiwa na sahani za benga ya Kigusii, zikiwamo nyimbo za Christopher Monyoncho, kuifahamu ala hii si anasa, maadamu katriji mbovu huweza kuiharibu sahani, na sahani iliyokwanguliwa haina dawa.

Katika katriji ya sumaku, sindano ya almasi, ambayo ncha yake ya mviringo ina nusu kipenyo cha mikrometa 18 hivi, hufuata mfereji wa sahani na kukitikisa kijiti kilichofungwa sumaku ndogo nyuma yake. Na sumaku hiyo, kwa kuchezacheza mbele ya koili za waya wa shaba, huzalisha umeme kwa ile kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme wenyewe ni dhaifu, kiasi cha milivolti 5 tu, ndiyo maana kutu kidogo kwenye viungo vya nyaya yatosha kuufifisha.

Mashine za zamani zaidi zilitumia katriji ya fuwele ya chumvi ya Rochelle, mojawapo ya fuwele ambazo ndugu Pierre na Jacques Curie walizifanyia majaribio mwaka 1880, wakabaini kwamba zikibanwa hutoa umeme. Chumvi hiyo hunyonya unyevu hata ikayeyuka. Na katika milima ya Gusii, ambako mvua hupindukia milimita 1,500 kwa mwaka, hakuna fundi awezaye kuifufua ikishaharibika. Dawa yake ni kuweka katriji ya kauri mahali pake, kwani kauri haidhuriwi na unyevu.

Uchunguzi huanza kwa jambo jepesi. Zima mashine, ubadilishane nyaya za kulia na za kushoto nyuma ya katriji, kisha usikilize kwa sahani usiyoithamini: ukimya ukihamia spika ya pili, mgonjwa ni katriji; ukibaki palepale, tafuta ila katika nyaya za mkono au katika amplifaya. Koili ya katriji ya sumaku hupimwa kwa mita ya umeme, na iliyo nzima huonyesha mamia ya omu au elfu moja na ushei; mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Ikibidi kulehemu, vua kwanza vibanio vya nyaya kutoka kwenye katriji, kwa kuwa joto la chuma cha kulehemu hupita katika pini zake na kuzikata nyaya za koili, ambazo ni nyembamba mno.

Maradhi mengi, hata hivyo, ni ya sindano. Almasi hudumu yapata saa 1,000 za kuchezwa, yakuti muda mfupi zaidi. Baada ya hapo ncha hulika ubavuni ikapata makali, ikawa yaichonga sahani kama kisu cha mchonga mawe wa Tabaka, huko Kisii. Dalili yake ya mwanzo ni sauti za *s* na *sh* kukwaruza, hasa karibu na katikati ya sahani. Katika katriji nyingi za sumaku sindano huchomolewa kwa vidole na mpya ikatiwa; hata kwa katriji za Shure, kampuni iliyoacha kuzitengeneza mwaka 2018, kiwanda cha JICO cha Japani bado hutoa sindano zinazozifaa. Zile ambazo koili ndiyo itikisikayo, sindano zake hazichomoki, na hizo ni za kupelekewa bingwa.

Basi, usiweke sahani ya kale chini ya sindano usiyoijua umri wake. Sindano hununuliwa, nyimbo ambazo hazikuchapwa tena hazinunuliki.