NGAZI YA ELIMU: NANI ALIIJENGA, NANI HUIPANDA?

Ndugu wafanyakazi,

Katika viwanda vya Bujumbura na katika mashamba ya chai kule milimani tunasikia sana maneno haya: "Yule daktari ni mtoto wa kibarua. Mwenye bidii hufika." Ni kweli wako waliofika, nasi tunajivunia. Lakini tujiulize kwa nini ni wachache.

Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi hawakutaka wasomi wengi. Walitaka makarani, waganga wasaidizi na mabwana shamba wa kuwatumikia. Mwaka 1929 walianzisha Groupe Scolaire huko Astrida, mji wa Rwanda ambao leo unaitwa Huye, wakawatanguliza wana wa machifu. Wakati huohuo waliwaondoa machifu Wahutu, hata kufikia 1945 Burundi haikubaki na mmoja. Basi mtoto wa mkulima Mhutu alifungiwa mlango, na mtoto wa Mtutsi maskini, ambaye baba yake hakuwa chifu, naye alibaki nje. Hapa mjini, ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi walikuta shule karibu zote ni za misheni. Wengi wakashika biashara ndogo, udereva na ufundi.

Hata hivyo, mtu hafungwi na nyumba aliyozaliwa. Louis Rwagasore alikuwa mwana wa Mwami Mwambutsa. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji. Angeweza kukaa na wakubwa wenzake, lakini mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na Waswahili wa mitaa yetu wakamfuata. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya uhuru.

Baada ya uhuru wa 1962 watoto wa wakulima walianza kuwa walimu, wauguzi na makarani. Ndipo ukaja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili waasi waliwaua Watutsi wengi kusini mwa nchi. Serikali ya Micombero nayo ikawaua Wahutu zaidi ya laki moja, ikiwatafuta hasa waliosoma: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kalamu ikawa kitu cha kuogopwa, na wako wazazi waliowaficha watoto wasiende shule. Kazi ya kizazi kizima ilifutika kwa miezi michache. Waliozaliwa nyuma yao walikosa baba au mjomba wa kuwaonyesha njia.

Mwaka 2005 serikali iliondoa ada ya shule ya msingi, na madarasa yakafurika. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini ngazi haiishi kwenye kidato cha kwanza cha kukanyaga. Madarasa ya juu hufundishwa kwa Kifaransa. Mtoto wa mkurugenzi anakisikia mezani wakati wa chakula. Mtoto wa mchuma chai anakisikia kwa mwalimu tu, akirudi nyumbani anakata kuni gizani. Siku ya mtihani wote wawili wanapewa karatasi moja. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo huu ulichimbwa na watu, na watu wanaweza kuugeuza.

Na yule aliyefika juu, tumtazameje? Wako wanaosema: "Aliye juu mngoje chini." Sisi hatukubali. Mhasibu aliyetoka kwetu anasomesha wadogo zake, anamtibu mama, anachangia kila msiba. Mshahara wake mmoja unaliwa na nyumba nne, wakati mwenzake aliyezaliwa na mali anajenga. Tena naye ni mwajiriwa: akifukuzwa leo, kesho hana kodi ya nyumba. Huyo ni mfanyakazi mwenzetu. Tumwite kwenye chama, naye asione haya kukaa benchi moja na waliomlea.

Kwa hiyo, ndugu, tunapokaa na waajiri tusidai mshahara peke yake. Tudai msaada wa karo ya sekondari kwa watoto wa vibarua, pamoja na wale wa msimu. Tudai chumba chenye taa na vitabu katika kila kambi ya shamba, ili mtoto asome jioni. Mtoto mmoja akipanda tutampigia makofi, lakini kazi ya chama ni kuipanua ngazi yenyewe.

Umoja ni nguvu!