Kiwanda Kinapoyaita Magari Yake Yarudi

Wakulima, wengi wenu mna gari au trekta, ama mnalipia pikapu ipeleke maziwa. Yafaa basi mjue kwamba hata gari jipya laweza kutoka kiwandani na kasoro.

Huko Marekani kuna sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 1966. Kiwanda kikigundua kasoro ya hatari, lazima kiiarifu Serikali, tena kimwandikie kila mwenye gari. Mwaka 1974 likaongezwa neno moja: matengenezo yawe bila malipo.

Lakini sheria haisaidii mtu akinyamaza. Tazameni mambo ya General Motors. Baadhi ya magari yake, kama Chevrolet Cobalt, yalikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea. Ufunguo ukilemewa na funguo nyingine, au ukigongwa na goti, ulirudi nyuma wenyewe. Injini ikazimika barabarani, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa imkingayo dereva wakati wa ajali haikufunguka.

Wahandisi wa kampuni waliijua kasoro hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2006 walikubali swichi iliyo bora, lakini wakaiachia namba ile ile ya zamani! Waliochunguza ajali baadaye wakapotezwa njia. Magari hayo hayakuitwa mpaka Februari 2014, na hesabu yake ikafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo vya watu 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa Serikali dola milioni 900. Na yote haya ni kwa ajili ya spea ndogo ya bei rahisi.

Mkulima akiona ng'ombe mmoja ana ugonjwa wa miguu na midomo, akanyamaza, jirani zake wote watapata hasara. Kiwanda nacho ni hivyo hivyo. Kasoro si aibu. Aibu ni kuificha.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kununua gari lililotumika, andikeni namba ya chesisi, mkamwulize wakala wa kampuni kama gari hilo liliitwa, na kama lilitengenezwa. Likiitwa lenu, lipelekeni upesi. Na kasoro ikijirudia, msiishie kwa fundi wa sokoni tu. Mwandikieni wakala, na nakala ya barua mwiweke. Mficha maradhi, kifo humuumbua.