Miji ya Mipakani ya Ulaya kwa Macho ya Mtu wa Tunduma

Ndugu zetu wa Songwe waishio Ulaya, wapatapo likizo, aghalabu huelekea Paris, Roma na London, nao hurejea na picha za minara na makanisa; wala siwalaumu, kwani miji hiyo ni mizuri kweli. Lakini mtu aliyelelewa Tunduma, ambako hatua chache tu humtoa Tanzania zikamwingiza Nakonde ya Zambia, analo jambo lake mahususi la kutazama huku ugenini, ambalo watalii wengine hulipita bila kulijali, nalo ni miji iliyokaa juu ya mipaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu ya majira ya joto, na haya ndiyo niliyoyaona yafaayo kuelezwa.

Naanza na Basel, kwa sababu ndiko nilikojifunza mengi zaidi. Mji huo ni wa Uswisi, nao umesimama kando ya mto Rhine, mahali Uswisi, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tangu Desemba 2014 tramu nambari 8 hutoka katikati ya mji ikaingia Weil am Rhein, Ujerumani. Tangu 2017 nambari 3 hufika Saint-Louis, Ufaransa. Stesheni iitwayo Badischer Bahnhof ni ya reli ya Ujerumani ijapokuwa imejengwa katika ardhi ya Uswisi, na uwanja wa ndege wa mji uko Ufaransa. Msomaji asidhani kwamba mpaka umefutwa. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Iliingia katika mapatano ya Schengen mwaka 2008, na kwa mapatano hayo watu hupita bila kugongewa muhuri, lakini bidhaa zingali chini ya forodha. Ndiyo maana wakazi wa Basel, ambao bei za kwao ni ghali mno, huvuka kwa tramu kununua nyama, maziwa na sabuni upande wa Ujerumani, kisha hupeleka hati ya manunuzi kwa afisa wa forodha apige muhuri, ili warudishiwe kodi waliyotozwa dukani, mradi manunuzi yamezidi yuro 50. Nilipowaona katika foleni yao, mifuko mkononi, faranga na yuro katika pochi moja, sikuweza kuacha kumfikiria mama wa Nakonde avukaye na kwacha zake kuja soko la Tunduma. Haja yao ni moja. Tofauti yao ni kwamba yule wa Basel anaikabili forodha kwa raghba, kwa kuwa anayo karatasi inayomletea faida, hali mwenzake wa Nakonde aghalabu hushika njia za panya, akihisi kuwa taratibu zote zimewekwa kwa ajili ya mwenye lori.

Strasbourg haitaki maneno mengi, ingawa ndiyo yenye Bunge la Ulaya. Mji huo ulibadili mikono baina ya Ufaransa na Ujerumani mara nne, mwaka 1871, 1918, 1940 na 1944, na leo tramu yake huvuka Rhine hadi Kehl ya Ujerumani, ng'ambo ya pili, tangu Aprili 2017.

Gorizia imenigusa kwa namna nyingine. Mwaka 1947, baada ya vita, mpaka wa Italia na Yugoslavia ulichorwa ukingoni mwa mji, stesheni ya reli ikabaki upande wa Yugoslavia na mji wenyewe upande wa Italia, na uwanja ulioko mbele ya stesheni ukakatwa vipande viwili kwa uzio. Waliobaki ng'ambo wakajijengea mji mpya, Nova Gorica, ambao sasa umo Slovenia. Uzio wa uwanjani uliondolewa mwaka 2004, Slovenia ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, na mwaka 2025 miji hiyo miwili ilishika kwa pamoja cheo cha mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya.

Hata hivyo, lililofunguliwa laweza kufungwa. Huko Frankfurt an der Oder, ambao mtu huutoka kwa daraja akaingia Słubice ya Poland, ukaguzi uliokoma mwaka 2007 ulirejeshwa na Ujerumani Oktoba 2023, na Poland nayo ikaanza wa kwake Julai 2025. Kwa hiyo mwenzetu asafiripo njia hizo asiache nyumbani pasipoti na kibali chake cha ukaazi, hata kama ameambiwa kuwa hapaulizwi kitu.

Nikamalizia Berlin, na kwa makusudi, maana huko ndiko mpaka wetu ulikotiwa saini tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, katika mapatano yale yale yaliyowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Hati hiyo iliupandisha mstari kwa mto Songwe, kisha ikaufuatisha mgawanyiko wa maji ya bonde la Kongo, na Wanyamwanga, waliokuwa na maskani pande zote mbili, wakajikuta raia wa tawala mbili bila kuulizwa neno.

Wala sisi hatukukaa bure. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambapo msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maafisa wa nchi mbili humhudumia chini ya paa moja. Hilo ni jema, lakini lilitazama zaidi malori ya shaba na mafuta yaendayo na yatokayo bandari ya Dar es Salaam. Mfanyabiashara mdogo ana mkwamo wake: ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa shehena isiyozidi dola 2,000, na Zambia nayo ina utaratibu wa namna hiyo na Malawi chini ya COMESA, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Zambia haimo katika Afrika Mashariki, hata Tunduma imeangukia mahali ambapo mapatano hayo mawili hayakutani. Nchi zote mbili zimo SADC, na rai yangu ni kwamba jumuiya yetu ya watu wa Songwe tuishio Ulaya iwaandikie wabunge wa Songwe kuwauliza ni lini mlango huo utatumiwa kumpatia mama wa sokoni karatasi yake.