Kopo la maziwa na tangazo lake

Ndugu msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya leo, hata hivyo, vizuri na vibaya vyote hutembezwa, na aghalabu hutembezwa na sisi watu wa redio. Ndiyo maana mazungumzo ya juma hili naanza kwa kukiri jambo.

Nilikuwa Nyakitonto, kule nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma. Dukani, kando ya sabuni na viberiti, palipangwa makopo na pakiti ndogo za maziwa ya unga. Mama mmoja aliyebeba mgongoni mtoto wa miezi kama mitatu akanunua pakiti moja. Tulipokwisha kuamkiana nikamuuliza, “Ya chai hayo, mama?” Akajibu, “Ya mtoto, baba. Nikienda shamba bibi yake humkorogea.” Nikataka kujua ni nani aliyemwelekeza. Akanitazama kwa mshangao. “Si ninyi wa redio? Mnasema yanajenga mwili.”

Sikuwa na jibu. Katika ujana wangu studioni nimesoma matangazo ya maziwa ya unga kwa sauti ya madaha, na sikumbuki hata mara moja nilipotaja ni ya watoto wa umri gani.

Basi tuitazame historia ya kopo hili. Mwaka 1867, katika mji wa Vevey nchini Uswisi, mtaalamu wa dawa aliyeitwa Henri Nestlé alianza kuuza unga uliochanganywa maziwa ya ng’ombe, unga wa ngano na sukari. Nia yake ilikuwa kuwasaidia watoto wachanga wasioweza kunyonya, na wakati ule watoto wengi wa Ulaya walikuwa wakifa. Jina Nestlé, katika Kijerumani cha kwao, lina maana ya kiota kidogo. Mzee huyo akachukua alama ya ukoo wake, ndege aliye kiotani, akaongeza makinda yanayolishwa na mama yao, akaifanya chapa ya bidhaa. Kampuni ilipotoa maziwa ya unga ya Nido mwaka 1944, ilirudi kwenye kiota kile kile, kwani neno nido kwa Kihispania na Kitaliano maana yake ni kiota.

Hapo ndipo penye nguvu ya tangazo. Asiyejua kusoma huona mama ndege na wanawe, naye huelewa. Tena kopo likiisha maziwa halitupwi. Hugeuka kipimo cha maharage au chombo cha kuwekea chumvi, na tangazo hubaki nyumbani miaka mingi bila kulipiwa hata senti.

Ubaya ulianza pale matangazo yalipokwenda kwa mama ambaye hakuwa na shida ya kunyonyesha. Mapema kama mwaka 1939, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya wafanyabiashara mjini Singapore akawaambia kwamba kuwapotosha akina mama juu ya maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Miaka ya 1960 na 1970, katika nchi nyingi za Afrika na Asia, makampuni yaliwatuma wodini wanawake waliovaa sare kama za wauguzi, kumbe ni wauzaji. Waligawa makopo ya bure kwa wazazi wapya.

Zawadi hiyo ilikuwa na mtego. Titi hutoa maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akizoea chupa kwa majuma machache, maziwa ya mama hupungua, hatimaye hukauka. Kopo la bure likiisha, la pili ni la kununua, na mama hana tena njia ya kurudi. Pesa zikipungua, unga wa siku tatu hukorogwa kwa siku kumi. Maji ni ya kisimani, kuni za kuyachemshia ni za kutafutwa mbali, na chupa haisafishiki vizuri. Mtoto hupata kuhara na kukonda huku mama akiamini anamlisha chakula cha kisasa.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoyaanika mambo hayo. Mwaka 1977 wananchi wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza kuwatangazia wananchi maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama, kuwapa akina mama makopo ya bure, na kuweka picha ya mtoto mchanga kwenye makopo hayo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazitunga upya mwaka 2013.

Hata hivyo, sheria ina mwanya. Maziwa ya unga ya kawaida, kama Nido, si maziwa ya watoto wachanga, na kopo lenyewe limeandikwa kwamba hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Kwa hiyo huruhusiwa kutangazwa. Mtangazaji husema “afya ya mtoto”, na mama wa Nyakitonto humtazama mtoto aliye mgongoni. Wala habari hizi si za kale tu. Mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilieleza kwamba uji wa watoto wa Cerelac uliouzwa katika nchi za Afrika ulikuwa umeongezwa sukari, ilhali ule wa aina hiyo uliouzwa Uswisi haukuongezwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi.

Sisemi kopo ni sumu. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hawezi kunyonyesha, huhitaji maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga, kwa maelekezo ya mganga. Wengine wote, wataalamu wanashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kuanzia dang’a ile ya manjano, kisha kunyonya kuendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Mama anayekwenda shamba anaweza kukamua maziwa yake katika chombo safi, bibi akamnywesha mtoto kwa kikombe. Hayo ndiyo niliyomwambia yule mama, nikamwomba afike zahanati wamweleze vizuri zaidi.

Nawe uliye mjini, ndugu yako kijijini anapojifungua, pengine fikra ya kwanza ni kumpelekea kopo la maziwa kama zawadi. Ukilipeleka, mwambie kwa kinywa chako kwamba ni la yeye mzazi kunywa, si la mtoto. Maziwa ya mama hayana kampuni ya kuyalipia tangazo, hivyo sisi wenyewe hatuna budi kuyasemea.