Dada wa kinga alivyomaliza kilomita 4,400



Juma hili tuongee juu ya kinga. Kwetu kinga inabeba makala, mihogo, ndizi, hata wagonjwa. Lakini mara nyingi anayeiendesha ni baba ao kaka. Msichana anafuata nyuma kwa miguu, mzigo kichwani. Ndiyo maana tunawaletea habari ya Lael Wilcox, dada aliyezaliwa Alaska, Marekani, mwaka wa 1986.

Kuna njia ndefu inayofuata milima ya Amerika ya Kaskazini. Inaanzia Banff, Kanada, na kuishia Antelope Wells, kituo cha mpaka kati ya Marekani na Mexico, katikati ya jangwa. Urefu wake ni karibu kilomita 4,400, na sehemu kubwa haina lami: ni udongo, changarawe na njia za msituni. Kila mwaka, mwezi wa sita, watu wanashindana hapo. Hakuna zawadi ya feza wala gari la kumsaidia mtu. Kila mmoja anabeba vyombo vyake na kitu cha kulalia, ananunua chakula njiani, na kinga ikiharibika ni shauri lake.

Mwaka wa 2015 Lael alienda. Kabla ya mashindano alikuwa amekwisha kuendesha kinga kutoka kwao Anchorage mpaka Banff, zaidi ya kilomita 3,000. Mashindano yalipoanza, kifua kikamshika, kupumua kukawa shida. Alipita hospitali, kiisha akaendelea. Akafika mpakani kwa siku 17, saa 1 na dakika 51. Hakuna mwanamke aliyekuwa amemaliza upesi hivyo. Alipunguza zaidi ya siku mbili. Mwaka uleule akarudia njia hiyo peke yake, akatumia karibu siku 15 na saa 11.

Hatusemi mgonjwa ajikaze. Yeye mwenyewe alitafuta muganga. Tunalopenda zaidi ni alilofanya nyuma ya kumaliza. Mwaka wa 2017, huko Anchorage, yeye na wenzake walianza kufundisha wasichana wa masomo kuendesha kinga, na mafunzo yanamalizika kwa safari ndefu. Mwaka wa 2024 akazunguka dunia kwa siku 108, akianzia Chicago na kumalizia palepale. Basi kwake kumaliza njia moja kulikuwa kufungulia wengine njia.

Mama, tuulizane: kinga ya nyumbani kwako ni ya nani? Binti akijua kuiendesha, masomo, soko na hospitali vinakuwa karibu, na mgongo wake unapumzika.

Mkitaka kuanza, tafuteni kiwanja sawa, bila mzigo. Angalieni kwanza kama freni zinashika. Shusheni kiti mpaka miguu yote miwili iguse udongo. Ajifunze kwanza kujisukuma kwa miguu na kusimama, pedali zitafuata. Njia zisizo salama mnazijua ninyi wenyewe, kwa hiyo wasichana waende pamoja, mchana, na nyumbani wajue wako wapi.

Na baba wanaosoma karatasi hii: mkono wa kushikilia kiti siku ya kwanza uwe wenu.

Tukutane juma lijalo.